Jumapili Hii: Filamu ya Kale

Upande wetu wa Kalamba, mtu wa kwanza kuwa na televisheni alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, na hakuruhusu mtu yeyote asahau. Aliileta kutoka mjini alikokuwa karani, juu ya keria ya basi, ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Kutoka stendi mpaka nyumbani alitembea mbele polepole, kofia mkononi, huku vijana wameibeba mabegani nyuma yake. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe aliweka karai chini na kuanza kulia, akidhani ni maiti.

Umeme haukuwako. Televisheni ilikunywa betri ya lori, na betri ikishaisha ilipandishwa punda kwenda sokoni kuchajiwa. Antena ilikaa juu ya bomba refu la chuma, mabaki ya mradi wa maji uliotuletea mabomba, hotuba na utepe wa kukatwa, ukasahau maji. Bomba lile halikuwahi kupitisha tone, lakini picha lilipitisha, bora tu ulishike. Ulilizungusha mpaka mahali fulani ukalikumbatia kwa mikono miwili, na ndani picha ikatulia. Ukiliachilia, chenga tupu. Kwa hiyo siku zote alihitajika mtu wa kukaa nje na bomba, akipigiwa kelele kupitia ukutani: "Rudisha! Kidogo! Hapo hapo! Aii, umeharibu!"

Shemeji alijiona daraja kati yetu na dunia. Kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa kutazama televisheni bali kutangaza yatakayotazamwa. Alikuwa akisimama kwenye baraza ya duka na ukurasa wa vipindi mkononi, miwani kwenye ncha ya pua, akitusomea filamu zijazo kwa Kiingereza, kisha akitutafsiria kwa huruma. Filamu za kale ndizo alizozienzi. "Hii ni klasiki," alikuwa akisema, akifumba macho. Sisi tulielewa kwamba klasiki ni filamu ambayo wenyewe wameichoka, wakaona waitume kwetu kama wanavyotutumia makoti yao.

Mara ya kwanza alituaibisha. Ukurasa aliotusomea alikuwa ameupata buchani, ukiwa umefunga mbavu za mbuzi, na kwa kuwa alikuwa na haraka ya kutangaza, hakuangalia ni gazeti la lini. Watu walikuja kutoka ng'ambo ya mto, wengine na viti vyao, kutazama filamu ambayo ilikuwa imeonyeshwa zamani. Walichokiona ni kipindi cha minyoo ya ng'ombe. Waliketi mpaka mwisho kwa adabu, na mzee mmoja akasema ng'ombe yule ameigiza vizuri. Shemeji aliapa kwamba wa mjini wamebadilisha bila kumwarifu. Tangu hapo utingo wa basi alimletea gazeti bichi, na tangu hapo hata alipobahatisha ukweli tulimtazama kwa shaka.

Ndipo siku moja akaja na gazeti bichi akatangaza kitu ambacho hakuna aliyekicheka. Jumapili ijayo, jioni, ingeonyeshwa filamu ya kale ya wawindaji, iliyopigwa katika nyika za Ukambani, kando ya Mto Athi.

 Sote tulijua habari ya wazungu walioipiga. Mama alikuwa ameolewa karibuni walipopiga mahema yao kando ya mto na kutafuta wanaume wenye mabega. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliochaguliwa. Aliporudi alileta blanketi, kofia, na hadithi: kwamba katika filamu ile yeye ndiye aliyebeba bunduki ya bwana mkubwa, akitembea nyuma yake tu, mbele ya wengine wote. Blanketi liliisha, kofia ililiwa na mchwa, na baba akafa mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Hadithi ndiyo iliyobaki.

Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Kitambulisho chake cha enzi za mkoloni kilikuwa na alama za vidole tu, na mama alikihifadhi ndani ya kibuyu cha mbegu. Nilikua nikivijua vidole vya baba yangu na nisiijue pua yake. Nikiwa mdogo nilikuwa nikivitazama vile vidole mpaka macho yakaniuma, kana kwamba nikivumilia mkono utafuata, halafu bega, halafu uso. Nasema wazi: niliwaonea wivu watoto ambao baba zao walikuwa walevi. Angalau walijua ni nani wa kumkimbia.

Wakati wa tangazo lile nilikuwa chuo cha ualimu, nimekuja likizo.  Siku ya tatu, tukichagua mbaazi uani, mama akauliza bila kuinua kichwa:

"Hiyo kitu ya mkwe inaonyesha watu wamekufa?"

"Inaonyesha."

"Wanatembea?"

"Wanatembea, Mwaitu," nilisema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Wanaongea pia."

Akaendelea kuchagua mbaazi. Jioni nilimkuta amefua leso yake ya kanisani na kuianika, ingawa ilikuwa safi.

Kijiji nacho kilipata kichaa chake. Kufikia katikati ya wiki, kila mwanaume aliyekuwa na mvi alikuwa ameigiza katika filamu ile. Mmoja alisema ndiye aliyemfundisha simba kunguruma. Mwingine, ambaye kila mtu alijua miaka ile alikuwa Mombasa akipakua makaa, alidai ameonekana kwa mbali. Mzee wa kanisa, aliyekuwa amehubiri kwamba televisheni ni dirisha la kuzimu na kwamba shemeji amelifungua kwa betri, alikuja kumwambia shemeji kwa sauti ya chini kwamba naye alikuwapo, amesimama karibu na ngamia. Kando ya Mto Athi hapajawahi kuwa na ngamia. Nikajisemea, huyu anatazama filamu ya Yusufu na ndugu zake.

Lakini kwa mama kulikuwa na kizingiti, na kizingiti hicho kilikuwa shemeji mwenyewe. Sisi Wakamba tuna kitu kinachoitwa nthoni, yaani heshima na aibu zimefungwa kamba moja. Mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Shemeji alipenda kusema mila zimepitwa na wakati, na alisema hivyo kwa Kiingereza, lakini mara moja alipokutana na mama ghafla kwenye kona ya njia ya mtoni alijirusha ndani ya mkonge, suruali ya mjini na yote, akatembea kwa kuchechemea wiki nzima. Mama kwa upande wake alikuwa ameingia vichaka vingi kuliko kanga. Miaka yote tangu dada yangu aolewe, mama hakuwahi kuvuka mlango wa nyumba ile. Na televisheni ilikuwa ndani ya nyumba ile.

Dada ndiye aliyepata dawa. Aliisogeza televisheni iangalie dirisha la nyuma. Mama angeketi nje, chini ya paa, atazame kupitia dirishani. Shemeji angeketi ndani kwenye kiti chake chenye vitambaa vya kufuma, mgongo kwa dirisha. Wangetazama filamu moja bila kutazamana, na mila isingekuwa na la kulalamika. Shemeji alikubali, akisema ni mpango wa kisasa.

Bomba la antena lilisimama kwenye kona ya ukuta ule ule wa nyuma. Hilo hakuna aliyelifikiria, kwa sababu siku zote lilishikwa na kijana wa jirani.

Jumapili ilipofika mama alinitanguliza njiani kama kawaida yake. Tangu utoto wangu hakukubali nitembee nyuma yake. "Pita mbele," alikuwa akisema, hata njia iwe nyembamba namna gani, na mimi nilidhani anaogopa nitarudi nyumbani kula sukari. Leso yake ilinukia sabuni ya mche. 

Tulikuta nyumba imejaa mpaka mlangoni. Watu walikuwa wamevaa kana kwamba ni wao watakaotazamwa. Kijana wa bomba alikuwa amekaa ndani, katikati kabisa, mikono imekunjwa. Shemeji alipomwonyesha mlango kwa kidevu, alikataa.

"Leo sishiki," alisema. "Leo babu anatokea. Nikiwa huko nje nitamwona aje?"

Kila aliyeombwa alikuwa na babu, mjomba au yeye mwenyewe. Hata mke wa mzee wa kanisa alisema anamngoja ngamia. Basi shemeji alitoka, kabla sisi hatujafika dirishani, akalifunga bomba kwa kamba za mkonge na jiwe, akarudi akipangusa mikono. "Hiyo sasa ni kazi ya kitaalamu," alisema. Kaa la moto halikai kwenye kiganja cha mtu, na utaalamu wa shemeji haukukaa kwenye upepo wa jioni, lakini hilo tulikuwa hatujalijua bado.

Filamu ikaanza. Mzungu mwenye kofia alikuwa akimtafuta mzungu mwingine aliyepotea akitafuta pembe za ndovu. Pamoja naye kulikuwa na mwanamke wa suruali aliyelalamikia vumbi. Alilalamika akipanda, akalalamika akishuka, akasema hawezi kwenda popote bila kuoga. Kwetu sisi tuliooga kwa kikombe katika msimu wa kiangazi, mwanamke yule alikuwa wa ajabu kuliko simba. Kila kilipotokea kilima, nyumba nzima ilipiga makofi. "Kile ni chetu!" Walishangilia mawe. Walishangilia mti wa mgunga kama ndugu aliyerudi kutoka vitani. Mama alikaa mbele ya dirisha kwenye kiti cha miguu mitatu, mikono magotini. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake.

Kisha mzungu wa kofia akapanda mwinuko, akageuka, akapunga mkono kuwaita wapagazi. Kwa mbali, juu ya mwinuko, vichwa vikaanza kuchomoza vimebeba mizigo.

Hapo upepo ukavuma, jiwe la kitaalamu likabiringika, na picha ikawa chenga.

Kelele iliyotoka ndani ya nyumba ile sijawahi kuisikia tena, hata timu ya taifa ilipofungwa. "Bomba! Bomba! Shika bomba!" Kila mtu alimwambia mwenzake, hakuna aliyesimama. Na shemeji, mwenye televisheni, mwenye gazeti, mwenye heshima yake yote mezani, alichomoka kitini, akapita mlangoni, akazunguka nyumba mbio na kulikumbatia bomba kwa mikono miwili.

"Hapo hapo!" nyumba ikapiga yowe. "Usisonge!"

Picha ikarudi, safi kama maji ya mtungi. Wapagazi walikuwa wanateremka. Shemeji, kwa furaha ya kuwa ameokoa taifa, aligeuza kichwa kuuliza kama wameona. Akakutana uso kwa uso na mama mkwe wake, hatua chache mbele yake, macho kwa macho, bila kichaka chochote katikati.

Aliliachilia bomba kama limepata moto. Akamwita Mungu, "Ngai!" kwa sauti ya mtoto, akaruka boma, akaingia kwenye shamba la mbaazi, na tukasikia mbaazi zikivunjika mpaka mbali. Mkwe mwenye adabu kamili. Mkwe wa mfano. Nilitamani nimfuate na jiwe lake.

Ndani, chenga na vilio. Nilimtazama mama, nikijua atajifunika leso na kuinamisha kichwa, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofanya miaka yote. Hakujifunika. Aliinuka, akaenda kwenye kona, akalishika bomba yeye mwenyewe. Picha ikarudi. Lakini kutoka pale konani dirisha halionekani. Mwenye kulishika bomba huona ukuta tu.

"Mwaitu, rudi!" nilisema. "Nitashika mimi!"

"Wewe angalia," alisema. "Mimi namjua. Wewe ndio haumjui."

"Lakini..."

"Angalia! Wamefika?"

Nikaangalia. Sikuwa na la kufanya. Walikuwa wakiteremka mmoja mmoja, vifua wazi, na nyumba ilikuwa imeshaanza ugomvi. Huyu alimwona babu yake, yule akasema huyo ni mjomba wangu, hata masikio ni yake. Wapagazi walidaiwa kama mbuzi wasio na alama. Nilitafuta bunduki. Nyuma ya bwana mkubwa bunduki ilibebwa na mtu mrefu mwenye meno yaliyochongwa.

"Kuna mwenye bunduki," nilisema. "Ni mrefu, Mwaitu. Mrefu sana."

 Mama akajibu kutoka konani: "Baba yako hakuwa mrefu. Angalia miguu. Mguu wa kulia anautupa nje, kama anapiga teke mbwa hayuko."

Nikaacha nyuso, nikaangalia miguu. Walipita wa sanduku, wa hema, wa gunia. Na wa mwisho kabisa, nyuma ya punda, ukaja mguu. Niliutambua kabla sijaelewa nautambua kwa nini. Ndio mguu ule ule ambao wenzangu chuoni walinichekea, wakisema natembea kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Ulikuwa ukijitupa nje, unarudi, unajitupa tena, juu ya mawe ya Athi.

"Nimemwona!" nilipiga kelele. "Mwaitu, nimemwona, yuko nyuma!"

"Amebeba nini?"

Sikutaka kusema.

"Nimekuuliza amebeba nini?"

"Beseni."

"Beseni gani?"

"La kuogea. La yule mwanamke. Kubwa. Amelifunika kichwani, limemfikia kidevuni. Uso hauonekani."

Nilimchukia yule mwanamke wa suruali na vumbi lake kuliko nilivyowahi kumchukia mtu aliye hai. Miaka yote ile, kisha nimepewa mguu. Vidole nilikuwa navyo, sasa na mguu.

Halafu mama akaanza kucheka. Alianza chini chini, ikapanda. "Aliniambia bunduki!" alisema. "Yeye na mdomo yake! Bunduki ya bwana mkubwa! Kumbe alibeba bafu ya bibi!" Alicheka akiwa ameliegemea bomba, bomba likatetemeka, na picha ikatetemeka nalo. Baba akatetemeka pamoja na beseni lake, akakatikakatika, akawa chenga. Ndani walilalamika. Mama hakuwasikia. Alikuwa akimcheka mume wake kama mke anavyomcheka mume aliyerudi nyumbani usiku na uongo mpya, na machozi yalikuwa yakimtoka, na sikujua ni ya kipi.

Baadaye walimlazimisha mzee wa kanisa ashike bomba. Alilishika mpaka mwisho akiangalia ukuta, na ngamia wake hakuonekana, hata hivyo Jumapili iliyofuata alisema ngamia alionekana yeye akiwa nje. Mwisho wa filamu majina yakapanda, mengi, yakipanda na kupanda. Aliyemfuga simba alitajwa. Aliyemshonea mwanamke suruali alitajwa. Kisha ukaja mstari ambao kijana wa bomba, aliyekuwa na Kiingereza cha shule, alitusomea kwa sauti: shukrani kwa wenyeji. Nyumba ikapiga makofi, maana wenyeji ndio sisi.

Dada alitaka tubaki chai. Mama alikataa. Alisema mtu fulani yuko kwenye mbaazi na umande unakaribia, naye hawezi kurudi kwake mpaka sisi tuondoke. Alilisema kwa sauti kubwa, likafika shambani. Mbaazi zikatikisika kwa shukrani.

Tulipofika njia ya mtoni mama alisimama kando, kama siku zote.

"Pita mbele," alisema.

Nikapita. Nyuma yangu nilisikia miguu yake ikija taratibu. Baada ya kipande kidogo nikaona aibu kwa mguu wangu, nikaanza kuunyoosha, kuuweka sawa kama watu wengine.

"Wacha hiyo," alisema. "Tembea vile unatembeanga."

Nikataka kugeuka.

"Usigeuke," mama alisema. "Tembea tu."